Rika Katika Tiba ya Akili

Mzee aliyepata nafuu anavyoweza kumsaidia mzee mwenziwe

Buseresere ni mji wa biashara ulioko wilayani Chato, mkoani Geita, kando ya barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Biharamulo. Umeshikana na Katoro, mji wa wilaya ya Geita, kiasi kwamba mgeni hawezi kutambua mmoja unapoishia na mwingine unapoanzia. Wenyeji wa asili wa sehemu hizi ni Wazinza na Wasubi. Waliowafuata ni Wasukuma na ng'ombe wao, kisha wachimbaji na wachuuzi kutoka kila upande wa nchi, waliovutwa na dhahabu. Mkoa wa Geita, ulioundwa mwaka 2012, ulikuwa na watu 1,739,530 katika sensa ya mwaka huo. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta watu 2,977,608.

Katika nchi inayojaa watu kwa kasi namna hiyo, wengi huwa ni vijana na watoto. Mzee aghalabu yu mbali na ndugu na marafiki aliokua nao. Mzee huyo akiugua akili, akatibiwa na kurudi nyumbani, hukutana na swali ambalo dawa pekee haiwezi kulijibu: ataishi na nani, na maneno yake yataaminiwa na nani? Makala haya yanaeleza njia mojawapo ya kulijibu swali hilo, nayo ni kumtumia mzee mwingine ambaye amekwisha kuugua akapata nafuu. Wataalamu huiita njia hiyo usaidizi rika.

Maradhi ya akili katika uzee

Kuzeeka si ugonjwa, wala kuugua akili si sehemu ya lazima ya uzee. Hata hivyo yapo maradhi manne ambayo humpata mzee na ambayo watu huyachanganya chini ya jina moja la wazimu, na kuyachanganya huko huleta madhara.

La kwanza ni sonona. Mgonjwa huwa na huzuni isiyokwisha, hukosa usingizi na hamu ya chakula, na huacha mambo aliyoyapenda. Mzee mwenye sonona mara nyingi hasemi kwamba ana huzuni. Husema mgongo unamuuma, moyo unamwenda mbio, au ana mawazo mengi. La pili ni kundi la maradhi yanayomwondolea mtu uwezo wa kupambanua lililo kweli na lisilo kweli, kama vile skizofrenia, pamoja na ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia. Wengi huyapata ujanani na kuzeeka nayo. La tatu ni mkanganyiko wa ghafla, ambao huanza kwa saa au siku chache tu. Chanzo chake huwa ni malaria, nimonia, maambukizo ya njia ya mkojo, upungufu wa maji mwilini, au dawa zisizomfaa mgonjwa. Chanzo kikitibiwa mapema, akili aghalabu hurejea. La nne ni ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ambamo chembe za ubongo hufa polepole kwa miaka mingi. Uchunguzi uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, na kutangazwa mwaka 2013, ulikuta kwamba ugonjwa huu uliwapata watu wapatao 6 katika kila 100 wenye umri wa miaka 70 na zaidi.

Yafaa tofauti hii ieleweke vema. Katika maradhi matatu ya kwanza, kupata nafuu kubwa kwawezekana. Katika la nne, sayansi haijapata dawa ya kurudisha kumbukumbu iliyopotea, ingawa malezi mema humpunguzia mgonjwa mashaka. Kwa hiyo habari za kupona zinazosimuliwa hapa zahusu hasa makundi mawili ya mwanzo.

Katika ukanda wa dhahabu lipo jambo la ziada, nalo ni zebaki. Wachimbaji wadogo huichanganya na mchanga wenye dhahabu, kisha huuchoma mchanganyiko ili zebaki iondoke kwa mvuke. Mvuke huo ukivutwa huingia mapafuni, hupita katika damu na kufika kwenye ubongo. Mtu aliyeuvuta kwa muda mrefu hutetemeka mikono, husahau, hukosa usingizi na huwa mwepesi wa hasira. Mwaka 2003 wataalamu waliwapima wakazi wa Rwamagasa, eneo la wachimbaji mkoani Geita, wakawalinganisha na watu wa Katoro; miongoni mwa waliokuwa wakichoma dhahabu walikutwa wenye dalili za sumu hiyo. Mtu aliyefanya kazi hiyo ujanani na sasa ni mzee anayetetemeka na kusahau anastahili kuulizwa na mganga wa zahanati juu ya kazi yake ya zamani kabla hajaitwa mwehu.

Tuhuma zinazoua

Katika nchi ya Usukuma na jirani zake, ugonjwa wa akili wa mzee una hatari nyingine isiyotoka ndani ya mwili wake. Kwa miaka mingi wanawake wazee wa Shinyanga, Mwanza na Geita wameshambuliwa, na baadhi wameuawa, kwa kudhaniwa kuwa ni wachawi. Dalili iliyotajwa sana ni macho mekundu. Ukweli ni kwamba wekundu huo hutokana na moshi wa jikoni, hasa pale ambapo miti imekwisha na mpishi hutumia mabua au samadi kavu ya ng'ombe kwa muda wa miaka arobaini au hamsini.

Bibi anayesema peke yake, anayetoka nje usiku kwa kukosa usingizi, au anayemshutumu mkwewe kwa wizi usiokuwapo, huonyesha kwa majirani sura ile ile wanayoiogopa. Mtoto akifa katika nyumba ya jirani, na mpiga ramli chonganishi akaulizwa, jina la bibi huyo huwa karibu na ulimi. Tena mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna ugomvi wa shamba au wa urithi wa mjane. Hivyo dalili ambazo hospitalini zingeandikwa kwenye cheti na kupewa dawa, kijijini zaweza kuhesabiwa kuwa ushahidi. Ndiyo sababu msaada kwa mzee anayetoka katika ugonjwa wa akili, katika sehemu hizi, si jambo la kumliwaza tu. Waweza kuwa ndio ulinzi wa uhai wake.

Maana mbili za rika

Kiswahili kina neno linalofaa sana kwa jambo hili. Rika ni watu waliozaliwa wakati mmoja, wakachezwa au kutahiriwa pamoja, wakalima pamoja. Katika miaka ya karibuni neno hilo limepanuka: waelimisha rika ni watu wanaowafundisha wenzao wenye hali kama yao, hata kama umri umetofautiana. Watanzania waliizoea kazi ya namna hii katika vita dhidi ya UKIMWI, pale watu wanaoishi na virusi walipofunzwa kuwa washauri wa wenzao katika kliniki na kupewa jina la WAVIU washauri. Mgonjwa aliyekataa kumsikiliza daktari alimsikiliza mtu aliyemeza vidonge vile vile.

Kwa mzee aliyeugua akili, maana zote mbili za rika zina kazi. Kijana wa miaka 25 aliyepona skizofrenia anaijua sauti isiyo na msemaji, lakini hajui kufiwa na mume, kupungukiwa na nguvu za jembe, au kulishwa na mkwe. Mzee jirani anayajua yote hayo, lakini hajui kulala katika wodi na kurudi nyumbani akitazamwa kwa pembe ya jicho. Anayehitajika ni mwenzi wa umri aliye pia mwenzi wa maradhi.

Fikra yenye mizizi

Kumtumia aliyepata nafuu si uzushi wa leo. Mnamo mwaka 1771, mtengeneza ngozi mmoja aitwaye Jean-Baptiste Pussin alilazwa katika hospitali ya Bicêtre, Paris, kwa ugonjwa wa tezi za shingo. Alipopona alibaki kufanya kazi, na baadaye akawa msimamizi wa wodi ya wagonjwa wa akili. Pussin alipendelea kuwaajiri watumishi waliokuwa wagonjwa waliopata nafuu, kwa kuwa hawakuwapiga wenzao. Daktari Philippe Pinel, aliyefika hapo mwaka 1793, alijifunza mengi kwake. Na mwaka 1797 Pussin aliwaondolea wagonjwa minyororo.

Tanzania nayo ina historia yake. Hospitali ya Mirembe ilifunguliwa Dodoma mwaka 1927, na kwa miaka mingi wagonjwa walisafirishwa kwenda huko kutoka mikoa ya mbali, wakatengwa na jamaa zao. Baada ya Uhuru mawazo yalibadilika. Vilianzishwa vijiji vya kilimo kwa wagonjwa waliopata nafuu, kama vile Hombolo katika Dodoma na Vikuruti katika Dar es Salaam. Humo walilima na kuishi maisha ya kijiji chini ya uangalizi wa wauguzi kabla ya kurejea makwao. Msingi wake ulikuwa kwamba mtu huponea miongoni mwa watu, akiwa na kazi mkononi.

Kwa mkazi wa Buseresere huduma zimesogea karibu kuliko zamani. Ipo hospitali ya rufaa ya kanda huko Chato, na anayepelekwa Bugando, Mwanza, hasubiri tena kivuko, kwani daraja la Kigongo na Busisi lilifunguliwa mwaka 2025. Lakini daraja humfikisha mgonjwa hospitalini na kumrudisha. Halimwambii jinsi ya kuishi akisharudi.

Uchunguzi unasema nini

Mifano inayojulikana zaidi yatoka sehemu mbalimbali, na kila mmoja wafundisha jambo lake.

Jijini Harare, Zimbabwe, Dokta Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza akina bibi 14 wa mtaa wa Mbare kuketi na wagonjwa wenye mawazo mengi juu ya benchi nje ya kliniki, kuwasikiliza, na kuwasaidia kuchagua tatizo moja na kulitafutia ufumbuzi. Mpango huo ulipimwa kwa watu 573 katika kliniki 24, na matokeo yakatangazwa mwaka 2016. Baada ya miezi sita, waliokuwa bado na dalili za sonona ni watu wapatao 14 katika kila 100 miongoni mwa waliopata benchi, na 50 katika kila 100 miongoni mwa wale waliopata huduma ya kawaida. Tangu hapo benchi hilo limefika Malawi na Zanzibar. Akina bibi hao walikuwa na umri na busara. Si lazima wawe wamewahi kuugua.

Kampala ilionyesha upande wa pili. Katika miaka ya 2010 hospitali ya Butabika iliwafunza watu waliokuwa wagonjwa wake kuwatembelea majumbani wale walioruhusiwa kutoka wodini. Nchini Kenya, wanachama wa chama cha watumiaji wa huduma za akili hukutana Nairobi katika vikundi vya kusaidiana, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilivitaja kuwa mojawapo ya mifano bora. Dar es Salaam nayo, pamoja na Kampala na miji ya Ujerumani, Uhindi na Israeli, ilishiriki tangu mwaka 2018 katika uchunguzi wa kimataifa wa usaidizi rika uliowahusisha wagonjwa zaidi ya 600.

Katika Uingereza, uchunguzi wa watu 441 uliotangazwa mwaka 2018 ulikuta kwamba miongoni mwa waliotembelewa na wasaidizi rika, 29 katika kila 100 walirudi kwenye huduma za dharura katika mwaka mmoja, ilhali miongoni mwa wasiotembelewa walikuwa 38. Hata hivyo, tafiti nyingi zikikusanywa pamoja, picha huwa ya wastani. Usaidizi rika huongeza matumaini na imani ya mgonjwa katika uwezo wake. Athari yake juu ya dalili zenyewe za ugonjwa ni ndogo au haina uhakika. Isitoshe, wengi waliochunguzwa hawakuwa wazee.

Hivyo Harare ilipima rika la umri wa msaidizi. Kampala na Uingereza zilipima rika la maradhi. Kuziunganisha maana hizo mbili kwa ajili ya mzee wa kijijini ni kazi iliyo wazi mbele ya watafiti wa Afrika Mashariki.

Kazi yenyewe

Ichukuliwe kwa mfano habari ya kubuni ya bibi mwenye miaka 68, mjane, aliyerudi Buseresere baada ya kutibiwa sonona kali iliyomfanya asikie sauti. Nyumbani yupo mwanawe, mkwewe na wajukuu. Siku ya tatu bibi mwingine, mwenye miaka 70, ambaye naye aliugua hivyo miaka iliyopita, anapiga hodi.

"Mwangaluka, mayu. Naona jua limekukuta ndani."

"Mwangaluka. Kichwa hakitaki watu."

"Changu nacho kilikataa watu mwaka mzima, nikadhani hata kuku wananisema. Basi nitakaa hapa mlangoni, wala sitakuuliza kitu."

Mgeni haleti cheti wala ushauri. Analeta habari ambayo hakuna mwingine nyumbani awezaye kuileta: kwamba hali hii ina mwisho, na kwamba yeye ameufikia. Wiki inayofuata watachambua mboga pamoja. Baada ya mwezi watakwenda pamoja zahanati siku ya dawa, maana anayekwenda peke yake hukata tamaa akiambiwa dawa zimekwisha.

Msaidizi huyo anajua mambo madogo yenye uzito. Dawa nyingi za akili humkausha mzee kinywa na kumtia kizunguzungu anaposimama ghafla. Kwa hiyo humfundisha mwenziwe kuketi kwanza ukingoni mwa kitanda, ndipo asimame, ili asianguke na kuvunjika nyonga. Anajua pia kwamba mgonjwa hujiona amepona na kuacha dawa, na ya kuwa ugonjwa unaorudi hutanguliwa na usiku wa kutolala. Akiziona dalili hizo, au akimsikia mwenziwe akisema heri kufa, hakai na siri hiyo, bali humpeleka kwa mganga siku hiyo hiyo.

Kazi yake nyingine iko nje ya chumba. Mkwe anaposema mama amerogwa au anaroga, mgeni yule husimama kama hoja iliyo hai: "Hata mimi niliitwa hivyo. Nilikuwa mgonjwa, nikatibiwa, na leo nauza karanga sokoni." Majirani wanaweza kubishana na mtaalamu aliyetoka mjini, ni vigumu kubishana na bibi wanayenunua karanga zake.

Mipaka na masharti

Jambo jema likiachwa bila utaratibu huharibika. Uzoefu wa nchi zilizotangulia waonyesha masharti kadhaa.

Kwanza, msaidizi rika si daktari. Hapimi ugonjwa, hapunguzi dawa wala haongezi, na hamwambii mwenziwe aache vidonge kwa sababu yeye aliacha. Pili, awe amepata nafuu kwa muda wa kutosha, naye ajitolee kwa hiari yake. Kumtangaza mtu kuwa aliugua akili bila idhini yake ni kumdhuru. Tatu, apate mafunzo: kusikiliza, kutunza siri, kutambua hatari, na kutofautisha sonona na mkanganyiko wa ghafla unaotaka hospitali mara moja. Nne, awe na muuguzi au mhudumu wa afya ya jamii wa kumwelekeza, kwa maana naye aweza kuchoka au kuugua tena, na kuugua huko kusihesabiwe kuwa aibu wala sababu ya kufukuzwa.

Tano ni malipo. Kwa kuwa wazee ni maskini na wapole, ni rahisi kuwatumia bure kwa jina la utu. Mzee anayeacha palizi yake ili kumtembelea mgonjwa mara mbili kwa wiki anafanya kazi, na kazi ina ujira. Angalau nauli na posho visikosekane. Sita, wazee wa kiume wasisahauliwe. Mwanamume wa miaka 65 aliyeshinda machimboni maisha yake yote hatamfungulia moyo bibi wa mtaa wa pili. Atamfungulia namhala mwenziwe, pengine wakiwa chini ya mwembe wakicheza bao.

Nafasi ya kuuweka mpango wa namna hii ipo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliwatambua wazee kuwa hazina ya taifa, na Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 imeweka utaratibu wa kuwatunza wagonjwa na kuwalinda. Mabaraza ya wazee yaweza kuwataja watu wanaofaa, zahanati ikawafunza, na viongozi wa kijiji wakawapa ulinzi. Hakuna jengo jipya linalohitajika. Kinachohitajika ni kuamini kwamba mtu aliyewahi kupoteza akili akairudia ana ujuzi, na kwamba ujuzi huo haupatikani chuoni.

Wakazi wa Buseresere wanajua thamani ya kile kinachopatikana baada ya kuchomwa motoni, kwa kuwa hiyo ndiyo njia ya dhahabu. Bibi aliyetoka katika ugonjwa wa akili amepita katika moto wake. Jamii yaweza kumtazama macho yake mekundu na kumwogopa. Yaweza pia kumpa kibao cha kuketi mlangoni kwa mgonjwa mwenziwe. Atakapoketi hapo, wazee wawili watakuwa salama zaidi: yule aliye ndani, na yule aliye mlangoni.